Mchinjaji Nurdini na Pipa Jekundu

Nurdini Mustapha ungeweza kumtania upara wake, ukamtania na ile baiskeli yake isiyo na breki, akacheka na wewe mpaka machozi yamtoke. Lakini umwage maji mbele yake! Hapo ndipo ungemjua. Angekukodolea macho kama umempiga mtoto wake kibao, halafu angekuuliza, taratibu kabisa, "Hayo maji yamekukosea nini?"

Usimlaumu. Mtu amezaliwa Busi, kule milimani Kondoa, miaka hiyo ambayo ndoo moja ilikuwa safari ya asubuhi nzima. Mama yake, Bi Mwamvua, alikuwa na sheria zake. Maji yaliyooshea mchele yalisafisha vyombo, yaliyosafisha vyombo yalikwenda kwa mbuzi, na ya kunawia uso yalikingwa kwenye beseni yakanyweshwe mpapai. Nurdini alipokuwa na miaka saba alimwaga kikombe kimoja mlangoni, kikombe kimoja tu, kwa mchezo wa kitoto. Alichapwa siku hiyo mpaka jirani akaja kumwombea. Miaka hamsini baadaye bado alikuwa akikionyesha kidole kile kiwanja cha mama yake na kusema, "Pale ndipo nilipofundishwa adabu." Alilisema kwa fahari, si kwa uchungu.

Kazi yake ilikuwa kuchinja. Baba yake alichinja, babu yake alichinja, na shughuli yoyote ya Busi, iwe harusi au hitima, kisu kilitoka nyumbani kwao. Na masufuria pia. Yale masufuria makubwa kumi na moja ya msikiti, ya kupikia watu mia mbili, mtunzaji wake alikuwa Bi Mwamvua, mwaka wa thelathini na kitu sasa. Mwanamke yule hakuwa na shamba la maana wala ng'ombe wa kuhesabu. Alikuwa na masufuria, na heshima iliyokuja nayo. Ukipita na shughuli yako bila kumpigia hodi, hujapika.

Serikali iliporuhusu bucha za nyamapori, Petro Mazengo, Mgogo wa Mvumi mwenye maneno mengi na moyo mzuri, akapata leseni na kufungua yake Kikuyu, hapa hapa Dodoma. Akajua Waislamu hawatanunua bila mchinjaji wanayemwamini. Akaulizia, akaambiwa kuna mzee mmoja Mrangi, huyo hata umtie kisu shingoni hakudanganyi. Ndivyo Nurdini alivyoingia kwenye kazi ya kukimbia porini na wawindaji akiwa na umri wa kubembeleza wajukuu.

Naam, kukimbia. Mwindaji akishapiga risasi, Nurdini anachomoka na kisu chake amfikie mnyama angali na pumzi, aseme bismillahi, achinje. Akimkuta bado anapumua, sawa. Akimkuta amekwisha kata roho, basi hata kama ni swala dume aliyenona, Nurdini alirudisha kisu alani na kusema, "Huyu si wangu." Wawindaji walimbembeleza. Nani alikuwepo, mzee? Nani ameona? "Mimi nimeona," alijibu, na mjadala ukaishia hapo. Dukani nyama yake ilining'inia kwenye kulabu za kulia, zile ambazo hazikuwahi kuwa na nyamafu. Watu walitoka Chang'ombe mpaka Area C kuja kuuliza, "Ya mzee ipo?"

Sasa, Petro aliuza na ngiri. Hakuficha. Wateja wa ngiri walikuwapo, wengi tu, na ngiri ni nguruwe wa porini, hilo kila mtu analijua. Kwa hiyo Nurdini mwenyewe, siku ya kwanza kabisa, alichukua rangi nyeupe akachora mstari sakafuni. Upande ule meza ya ngiri, panga la ngiri, na pipa jekundu la maji ya chumvi la kulowekea nyama ya ngiri ya kukausha. Upande huu meza yake, kisu chake, pipa la bluu. Dorothea, binti wa Kigogo mwenye mikono myepesi aliyekuwa akikausha na kufunga nyama, alikuwa akivua kandambili za upande mmoja na kuvaa za upande mwingine kila alipovuka mstari. Nurdini alimpenda kwa hilo. Alimwita "mwanangu" na alimaanisha.

Ikafika Oktoba. Mnaijua Oktoba ya Dodoma, vumbi mpaka kwenye meno. Mabomba ya mtaa yalikauka siku kumi na moja. Na juma hilo hilo Nurdini alikuwa na swala wawili wa kukausha, kwa sababu kule Busi hitima ya kila mwaka ya marehemu baba yake ilikuwa imekaribia, na yeye safari hii asingeweza kwenda. Aliazimia kutuma pakiti kumi na mbili za nyama kavu zikapikwe kwenye masufuria ya mama. Pipa la bluu lilikuwa tupu. Chumvi ipo, maji hakuna.

Jioni akamwona Dorothea analisukuma pipa jekundu kuelekea mlango wa nyuma.

"Unalipeleka wapi hilo?"

"Nakwenda kuyamwaga, mzee. Nimeshayachuja yasizibe mfereji."

Kumwaga! Pipa zima, siku ya tisa bila tone bombani! Damu ilimpanda kichwani. "Humwagi kitu hapa! Dorothea, wewe umezaliwa ukanda huu huu wa ukame, huoni aibu? Leta hapa!"

Binti akaliacha pale pale kwenye mstari, akaomba radhi, akabeba mkoba wake akaenda zake. Alidhani mzee anataka maji ya kusugulia sakafu. Nurdini akainama akatazama. Maji yametulia, meupe, yamechujwa vizuri. Akachovya kidole, akaonja. Chumvi imekolea. Akadhani ni maji mapya, binti ameyatengeneza tu akaona hayana kazi. Hakuuliza. Mtu aliyeuliza kila kitu maisha yake yote, aliyewauliza wawindaji mpaka wakamkimbia, siku hiyo hasira ya maji ilimziba mdomo, ikamziba na macho asiuone hata wekundu wa pipa. Akayahamishia kwenye pipa la bluu ndoo kwa ndoo bila kudondosha hata tone, akatia nyama ya swala, akalala amefurahi kwamba ameokoa kitu.

Ngiri alikuwa amelala humo usiku wa kuamkia siku ile.

Hakuna aliyejua. Nyama ikakauka, Nurdini akaandika tarehe kwa mwandiko wake kwenye kila pakiti, nyingine zikauzwa, kumi na mbili zikapanda basi kwenda Kondoa. Bi Mwamvua alipiga simu baada ya hitima, sauti imejaa. "Watu wamekula, baba. Wamemwombea mzee wako. Wamekuombea na wewe." Nurdini alikaa kwenye kiti cha bucha na kulia kidogo, kilio kizuri.

Desemba yakaanza maneno. Mtu kaandika kwenye kundi la simu la mtaa kwamba bucha ya Petro inachanganya. Hakuwa na ushahidi wowote, domo tu, na wengi walisema ni wivu wa biashara. Lakini Zaidi, muuza vipuri wa pikipiki hapo Kikuyu, mtu wa Kondoa na mteja wa tangu mwanzo, alikuja dukani na uso umemshuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Zaidi."

"Mzee, mimi sina neno na wewe. Ila msikitini wanauliza. Nikawaambia nitakuja kukuuliza mwenyewe."

Laiti angemjibu tu! Laiti angesema, nenda kawaambie Nurdini amekataa, na watu wangeridhika, kwani neno lake lilitosha. Lakini mzee alikuwa na moto. Mbele ya foleni ya wateja alipiga meza. "Ipimwe! Si kuna vipimo siku hizi? Ipelekwe maabara!"

Petro akajaribu kuligeuza utani. "Mzee Nurdini, hiyo DNA si ya kutafutia baba wa mtoto? Sasa tunataka kumtafuta baba wa swala?" Watu wakacheka. Nurdini hakucheka. Petro akamvuta pembeni akanong'ona, "Ya nini kujitafutia makubwa? Watu wanakuamini." Nurdini akamjibu kwa sauti ya kusikiwa na wote kwamba kuaminiwa peke yake hakumtoshi, anataka ijulikane.

Basi akaja mtaalamu wa maabara, dada mmoja mdogo kwa umbo, jina lake Ruthu, na mikasi na vichupa vyake. Zaidi akaambiwa achague. Akachagua pakiti moja rafuni. Kisha, kwa haki kabisa, akasema nyumbani kwake kuna nyingine iliyobaki tangu Oktoba, na hiyo ipimwe. "Lete!" akasema Nurdini. "Lete hata kumi!"

Ruthu alikata vipande kama ukucha. Nurdini alimsimamia na kumwuliza maswali yote aliyosahau kuyauliza siku ya pipa. Na ikiwa imekauka, mwanangu? Haijalishi, mzee, vinasaba bado vimo. Na ikisagwa? Vimo. Kipimo hakihongwi? Hakihongwi, mzee.

"Na aliyechinja? Kinamwonyesha?"

Ruthu akatabasamu. "Hapana. Kinasema mnyama gani tu. Mtu hakimjui."

Nurdini akaona kipimo hicho kina upungufu, kwa kuwa miaka yote ya kukimbia na kisu haikuwa na mahali pa kuonekana kwenye kichupa. Lakini akasema, haya, hiyo inatosha.

Majibu yalichukua majuma matatu. Nurdini mwenyewe alialika watu waje wayasikie, Zaidi mbele. Ruthu akasoma. Pakiti ya rafuni ni swala, swala mtupu. Watu wakaguna kwa kuridhika na Nurdini akakunja mikono kifuani. Pakiti ya pili, akasema Ruthu, ni swala na ngiri.

Nurdini alicheka. Kweli, alicheka. "Rudieni."

"Tumerudia, mzee. Mara mbili. Ngiri ni kidogo, pengine nyama ziligusana tu, au zilikaa chombo kimoja. Lakini yumo."

Petro akaichukua ile pakiti akaigeuza. Tarehe ya Oktoba, mwandiko wa Nurdini, herufi zake zile zilizolala. Dorothea alisogea akaisoma naye. Halafu akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mzee," akasema. "Yale maji."

Jamani, kuna maumivu ambayo hayaanzii moyoni. Nurdini aliyasikia ulimini kwanza, pale alipoonjea. Akakumbuka ladha yake. Akakaa chini sakafuni, juu ya mstari wake mweupe, mtu mzima wa miaka hamsini na saba, na kofia yake ikadondoka hakuiokota.

Petro aliwatoa watu nje, akafunga mlango. Alimpenda Nurdini, na mapenzi yale yakamtuma vibaya. "Tutasema ni binti. Amekosea mapipa. Ataondoka, nitamtafutia kazi kwa shemeji yangu. Wewe utabaki na jina lako." Dorothea alikuwa pale pale, anasikia. Hakubisha. Alikuwa anamtazama Nurdini tu, na machozi yanamtiririka. Angekubali, maskini. Angekubali kabisa.

"Hapana," akasema Nurdini. "Yeye alikuwa anayamwaga. Mimi ndiye niliyemkatalia."

Akainuka, akafungua mlango, akawaambia wote waliokuwa wakisubiri nje vile ilivyokuwa, kuanzia pipa mpaka kidole. Alidhani akisema kweli yote itampa wepesi. Haikumpa hata kidogo. Hakuna aliyemtukana. Zaidi alisikiliza mpaka mwisho, akaangalia mikono ya mzee kwa muda, kisha akaondoka bila kumpa mkono. Nurdini alirudi ndani akakifunga kisu chake kwenye kitambaa. Petro hakumfukuza, ila alijua kama kila mtu alivyojua kwamba hakuna tena atakayeuliza kama ya mzee ipo.

Na hayo yote yalikuwa madogo. Kubwa lilikuwa Busi. Pakiti kumi na mbili. Masufuria kumi na moja. Watu mia mbili waliokula wakamwombea baba yake.

Asubuhi yake alipanda basi la kwanza la Kondoa, awahi kumwambia mama kwa kinywa chake kabla simu haijamwambia. Njia nzima alipanga maneno, akayapangua. Alijua Imamu Shafii ameweka wazi: chombo kilichoguswa na nguruwe kinaoshwa mara saba, moja ikiwa kwa maji ya udongo. Alijua pia kwamba bikizee wa miaka themanini na tatu hawezi kuosha masufuria kumi na moja maji saba. Nitayateka mimi, akajiambia. Nitayaosha yote mimi mwenyewe, na mama atakaa kivulini. Hilo wazo lilimshikilia mpaka Kondoa, na kwenye bodaboda ya kupanda Busi alikuwa karibu na kupumua vizuri.

Alipofika kwenye pampu ya kijiji akaona ndoo. Foleni ya ndoo kutoka pampuni hadi barabarani, na ilikuwa saa sita mchana, wakati hakuna mtu anayeteka. Aliposalimia, wakaitikia. Waliitikia wote. Ila wanawake walizivuta ndoo zao kidogo upande wao, na hapo akajua kwamba simu ya Zaidi imemtangulia. Kijiji kizima kilikuwa kinaosha vyungu, maana baada ya hitima kila nyumba ilibeba mchuzi wake kwenda nao.

Kiwanjani kwa mama yake masufuria yalikuwa yamepangwa juani. Bi Mwamvua alikuwa amepiga magoti kwenye la mwisho, kiganja kimejaa udongo mwekundu, anasugua. Wanawake wanne walikuwa wakimsaidia kuteka lakini kusugua aliwakatalia. Mwalimu Abdulwahab wa madrasa alikuwa amekaa kwenye benchi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Tano," akahesabu, akamimina.

Mwalimu akamsogeza Nurdini pembeni. Alikuwa mtu mpole na alichagua maneno. "Aliyekula bila kujua hana dhambi, Nurdini. Nimewaeleza watu msikitini, wameelewa. Wewe hukukusudia. Hilo nalo nimelisema."

"Ahsante, mwalimu."

"Ila wameona masufuria yahamie kwa Bi Amina. Siyo adhabu. Mama ni mtu mzima sasa, apumzike." Akakohoa. "Na shughuli ya Ijumaa, tumemwita kijana mmoja wa Kondoa aje kuchinja."

Nurdini alitaka kusema kwamba niondoeni mimi, mama mwacheni, mama amekosa nini? Bi Mwamvua alikuwa ameyasikia ya mwalimu, kwani mkono ulisimama ndani ya sufuria. Kisha ukaendelea. "Sita."

Akapiga magoti kando yake, akanyoosha mikono alishike lile sufuria. "Niachie mimi, mama. Nimekuja kuosha."

"Acha," akasema. "Acha kabisa." Hakusema kwa hasira, na hiyo ndiyo ilimwumiza. Akamimina ya saba, akalipindua sufuria juani na mengine, akashika kiuno chake akasimama kidogo kidogo. Ndipo akamtazama mwanawe, na vumbi la safari usoni mwake, na macho yake mekundu. "Umetoka mbali. Nawa uso kwanza."

Akamletea ndoo mwenyewe, imejaa karibu ya mdomo, maji yaliyosubiriwa foleni tangu alfajiri. Na beseni. Nurdini akachovya viganja ndooni, akanawa akiinamia beseni lisipotee hata tone, kama alivyofundishwa. Akalibeba beseni mpaka kwenye mpapai, akaunywesha. Kwa kitambo kidogo mambo yalikuwa kama zamani, na akageuka kumtazama mama yake akidhani labda.

Bi Mwamvua alikuwa ameishika ndoo. Aliyatazama yale maji ambamo mwanawe alikuwa amechovya mikono. Halafu mwanamke yule, aliyempiga mtoto kwa kikombe kimoja, akaiinamisha ndoo nzima na kuimwaga pale pale mlangoni. Maji yakakimbia kwenye mawe, yakapita miguuni kwa wanawake. Nurdini alitaka kupiga kelele.

Mama yake aliketi chini na ndoo tupu mapajani. Alikuwa analia waziwazi sasa, bila kujificha. Akachota udongo kiganjani, akaingiza mkono ndani ya ndoo, akaanza kusugua.

"Moja," akahesabu.